Fimbo Iliyoshikwa Ncha Mbili

Aghalabu ya watu wakitajiwa mashine ya mvuke humkumbuka James Watt, wakamsifu kwa hataza aliyoipata mwaka 1769 ya chombo cha kupozea mvuke kando ya silinda, wala hawaulizi kwa nini ilipita miaka saba, hata ukaingia mwaka 1776, ndipo mashine zake kubwa za kwanza zikaanza kazi. Sababu moja kubwa ilikuwa tundu la silinda. Mashine ya Newcomen iliyotangulia ilizibwa kwa maji yaliyomwagwa juu ya pistoni, yakajaza kila mwanya hata silinda ikiwa na kombo. Bali Watt, ambaye tadbiri yake yote ilikuwa silinda isipoteze joto, hakuweza kuyatumia, akahangaika na matambara yaliyotiwa mafuta na kofia kuukuu, na mvuke ukazidi kumponyoka.

Akili haikumpungukia, kilichopungua ni fimbo. Katika mashine ya kupanulia silinda aliyoisanifu John Smeaton kwa kiwanda cha Carron, Uskoti, kisu kilikaa mwisho wa fimbo ndefu iliyoshikwa upande mmoja tu, uzito wake ukiegemea ukuta wa chini wa silinda yenyewe. Basi kila upogo wa ukuta kisu kikaufuata kwa utii, na silinda ikatoka inang'aa lakini haikunyooka. John Wilkinson, mwenye kiwanda cha chuma cha Bersham karibu na Wrexham, huko Wales, ndiye aliyeipitisha fimbo nene ndani ya silinda nzima, mwaka 1775, akaishika ncha zote mbili, kichwa cha visu kikatembea juu yake. Matthew Boulton, mshirika wa Watt, aliandika kwamba silinda ya inchi 50 iliyokusudiwa mji wa Tipton, Uingereza, haikukosea popote kwa unene wa shilingi kuukuu.

Ili uone faida ya kuishika ncha mbili, chukua fimbo moja, ibane ncha moja na uuning'inize mzigo ncha ya pili. Kisha ilaze juu ya mihimili miwili, mzigo ule ule ukae katikati: mpindo wa pili ni sehemu moja tu katika 16 za ule wa kwanza.

Mkereza wa leo aghalabu hana bahati ya Wilkinson, kwa kuwa matundu mengi anayoyapanua katika kerezo la chuma, au lethi kama isemwavyo karakanani, yana kitako, au upande wake wa pili umefichwa ndani ya taya za mashine. Hapo hesabu haina huruma: ukizidisha mara mbili urefu uchomozao nje ya kishikio, fimbo hupinda mara 8, ukizidisha unene mara mbili, mpindo hushuka hadi sehemu moja ya 16. Ndiyo maana mafundi wameweka kanuni kuwa fimbo ya chuma cha pua isichomoze zaidi ya mara 4 za kipenyo chake, na ile ya kabaidi, iliyo ngumu kupinda karibu mara 3, huvumilia hata mara 6. Kishikio nacho kina hukumu yake. Fimbo ya mviringo iliyobanwa kwa skrubu mbili hugusa kitanda chake mahali pachache, na mtetemo huanzia hapo. Kishikio kilichopasuliwa, chenye tundu lililolingana nayo, huikumbatia mzunguko mzima. Anunuaye kisu cha thamani akakitia katika kishikio kilicholegea ametia kufuli ya dhahabu katika mlango wa makuti.

Ncha ya kisu huwekwa juu kidogo ya mstari wa kati, maana ukataji huisukuma fimbo chini, na ikiwekwa chini tangu mwanzo kisigino chake huenda kikasugua ukuta. Hata hivyo tundu hutoka dogo kuliko namba iliyosomwa. Mkereza mstahimilivu hupitisha kisu tena bila kukiongeza kina, na nyuzi nyembamba zitokazo humwonyesha kiasi cha mpindo.

Tundu likiwa refu na limepenya pande zote, fundi mzee huacha kukizungusha kipande: hukifunga kwa boliti juu ya gari la kerezo, akaizungusha fimbo yenyewe baina ya ncha mbili za mashine, kisu kikiwa kimepenyezwa katikati yake. Ni kazi ya kuchelewesha, kwani aghalabu fimbo huondolewa kila apimapo, na kisu huongezwa kwa kugongwa kidogo kidogo. Lakini kwa karakana isiyo na mashine kubwa ya kupanulia, sioni njia iliyo bora.