Jokofu Lisilopoza: Ya Kukagua Kabla ya Kumwita Fundi

Wapo wakazi wanaomlipa fundi kwa hitilafu ambayo kitambaa na maji ya sabuni vingeiondoa. Jokofu likipoza kwa shida, mpira wa mlango ukaguliwe kwanza. Karatasi ibanwe mlangoni, kisha ivutwe; ikitoka bila kukaza, hewa ya joto inaingia ndani. Mara nyingi sababu ni mafuta na makombo tu, hivyo mpira uoshwe. Nyuma nako kupanguswe vumbi, waya ukiwa umechomolewa.

Jambo la hatari ni barafu ya friza. Ikifikia unene wa nusu sentimita, jokofu lizimwe na mlango uachwe wazi hadi barafu iyeyuke yenyewe. Kisu kisitumike kamwe. Nyuma ya barafu hiyo hupita mirija ya gesi, na tundu moja dogo laweza kuliua jokofu zima. Isitoshe, majokofu mengi mapya hutumia gesi ya R600a, ambayo hushika moto. Mlio wa gesi ukisikika, madirisha yafunguliwe, wala jiko au swichi yoyote isiwashwe.

Umeme ukikatika, mlango usifunguliwe: ubaridi hudumu ndani kwa takriban saa 4. Ukichelewa zaidi, nyama na maziwa vilivyokwisha kupata joto visiliwe, hata kama havinuki. Wanaohifadhi insulini wasiiweke karibu na friza, kwa kuwa ikiganda haifai tena, hata baada ya kuyeyuka.