Perege wa Chala na ndoo ya vifaranga

Sato anayekaangwa Mwanza na Kisumu ana jina la kitaalamu alilorithi kwa ndugu ambaye walaji wake wengi hawajawahi kumsikia. Mwaka 1889 Albert Günther, mtaalamu wa samaki jijini London, alimweleza perege wa Ziwa Chala, lililo mpakani mwa Kenya na Tanzania chini ya Kilimanjaro, akamwita Oreochromis hunteri. Jenasi nzima ya Oreochromis, sato akiwemo, ilianzishwa kwa samaki huyo. Leo sato anafugwa duniani kote, ilhali mwenye jina anaishi katika ziwa moja tu la kreta na ameorodheshwa kimataifa kuwa katika hatari kubwa mno ya kutoweka.

Samaki akiadimika, macho humgeukia mvuvi na nyavu zake. Kwa Chala, naona tunamlaumu asiyestahili, au walau tunaanza na wa pili. Kinachomtisha zaidi perege huyu ni ndoo ya vifaranga wa samaki wa kigeni, tena mara nyingi hubebwa kwa nia njema. Ziwa lina takriban kilomita 4.2 za mraba na kina cha mita 90 hivi, na kingo zake zimesimama kama kuta. Maji huliingia na kulitoka zaidi chini kwa chini, hivyo samaki hana mto wa kukimbilia. Kina hicho nacho kinadanganya: maji ya chini kabisa hayana oksijeni, kwa hiyo makazi halisi ni tabaka la juu na ukanda mwembamba wa kandokando. Jike hulea mayai na watoto kinywani, ulezi mzuri lakini wenye kikomo, maana kinywa hakijazwi mara mbili. Katika nafasi finyu namna hiyo, mgeni wa jenasi ileile hakai pembeni. Na yupo tayari: perege wa Korogwe aliletwa humo miaka ya 1980.

Atakayebisha atataja utafiti uliochapishwa 2019, uliolinganisha maumbile na vinasaba na kuonyesha kwamba perege wa Chala bado hajachanganyika na yule wa Korogwe. Ni habari njema, ila inajibu swali moja tu. Kushindania chakula na mahali pa kuzalia hakuhitaji ndoa. Isitoshe, ndoo ijayo inaweza kubeba sato, na sato si perege wa Korogwe. Yeye amekwishazaliana na spishi za wenyeji katika maji kadhaa ya Tanzania na Kenya. Ngege wa Ziwa Victoria, aliyekuwa nguzo ya uvuvi huko, alikaribia kutoweka ziwani baada ya sato na sangara kuletwa, na leo hutafutwa katika viziwa vya pembeni kama Kanyaboli. Ngege alikuwa na viziwa hivyo. Chala haina kiziwa cha pembeni.

Utafiti huohuo unatoa hoja nyingine ya kuvutia: ndugu wa karibu zaidi wa samaki huyu ni perege wa Jipe, maana yake babu yao aliingia Chala kutoka bonde la Pangani. Basi naye aliwahi kuwa mgeni! Kweli, lakini aliingia maelfu ya miaka iliyopita, akapata muda mrefu wa kulizoea ziwa.

Hoja nzito zaidi ni ya tumbo: wakazi wanahitaji kitoweo. Wanakihitaji, na bwawa la kuchimbwa mbali na ziwa linaweza kukitoa. Kumwaga vifaranga Chala hakuongezi mwani wala rutuba, kunaongeza tu vinywa vya kugawana kilichopo. Kinachohitajika ni kundi la akiba la perege wa Chala linalotunzwa nje ya ziwa, pamoja na katazo moja linalotekelezwa kwa pamoja Taveta, upande wa Kenya, na Rombo, upande wa Tanzania. Katazo hilo lifanye kazi juu kwenye ukingo, ndoo ikiwa bado mkononi, kwa sababu vifaranga wakishamwagwa katika maji ya kina kile hakuna wavu utakaowatoa wote.