Barua Imetoka Shuleni, Lakini Shule Haijaituma: SPF, DKIM na DMARC kwenye paneli ya hostingi

Tuseme wewe ndiye "mtu wa kompyuta" wa shule fulani ya binafsi. Januari wazazi wanapokea barua pepe kutoka kwa mhasibu: akaunti ya benki imebadilika, ada ilipwe hapa. Anwani ya mtumaji ni ya shule kabisa, herufi kwa herufi. Mhasibu hajaandika kitu, na nywila yake haijaibwa. Sasa imewezekanaje?

Imewezekana kwa sababu SMTP, itifaki inayosafirisha barua pepe, iliandikwa na Jon Postel mwaka 1982, enzi ambazo mtandao ulikuwa wa vyuo na maabara chache zinazofahamiana. Humo hamna hatua ya kumuuliza mtumaji, "wewe ni nani hasa?" Ni kama barua ya posta: nyuma ya bahasha unaandika jina la yeyote, na posta wanaipeleka tu. Tena barua pepe ina anwani mbili za mtumaji. Moja ni ya bahasha, ambayo seva huitumia kurudisha barua iliyoshindikana. Nyingine ni ya ndani, ile mzazi anayoiona kwenye simu. Zote mbili mtumaji anajijazia mwenyewe. Kumbuka hili la anwani mbili, maana ndipo watu wengi wanapopotea.

Ukiingia kwenye cPanel, ambayo ndiyo paneli utakayoikuta kwenye hostingi nyingi, tafuta ukurasa ulioandikwa "Email Deliverability". Utaona kikoa chako (domeni, kama wengi tunavyoita) na hali ya rekodi zake.

Ya kwanza ni SPF. Hii ni orodha tu, unayoiweka hadharani kwenye DNS, ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa chako. Huwa inaonekana hivi:

v=spf1 +a +mx ~all

Yaani: seva ya tovuti yangu ruksa, seva inayopokea barua zangu ruksa, wengine wote watiliwe shaka. Ukiweka -all mwishoni unasema wakataliwe. Ukiweka +all umeruhusu dunia nzima, na hapo ni bora usingeweka kitu.

Tatizo ninalokutana nalo zaidi ni hili: shule inaanza kutumia Google Workspace, mtu anaongeza rekodi ya pili ya SPF ya Google, na ile ya kwanza inabaki palepale. Kikoa kinatakiwa kuwa na rekodi moja tu ya SPF. Zikiwa mbili, seva inayopokea inahesabu kuwa ni kosa na hakuna inayofanya kazi. Unaziunganisha, unapachika include:_spf.google.com ndani ya ile ile moja. Pia usijaze include kiholela. Kiwango kinaruhusu maulizo 10 tu ya DNS wakati wa kuikagua.

DKIM ni saini. Seva yako inabaki na ufunguo wa siri na kusaini kila barua inayotoka. Ufunguo wa wazi unakaa kwenye DNS ili yeyote ahakiki. Aliyebadilisha namba ya akaunti njiani anavunja saini. Ufunguo wa biti 2048 ni mrefu kuliko herufi 255 zinazoingia kwenye kipande kimoja cha rekodi ya TXT, kwa hiyo ukiunakili kwa mkono kwenda kwingine, hakikisha haujakatika.

Na mara nyingi utalazimika kuunakili. Kitufe cha "Repair" cha cPanel kinasaidia pale tu DNS yako inaposimamiwa na seva hiyo hiyo. Kama kikoa chako kinaelekezwa Cloudflare, kwa mfano, rekodi ziwekwe huko.

Sasa turudi kwenye anwani mbili. SPF inakagua ile ya bahasha tu. Tapeli anaweza kuandika kikoa chake mwenyewe kwenye bahasha, akafaulu SPF vizuri kabisa, halafu ndani akaandika jina la shule. DMARC ndiyo inayoziba tundu hili: inadai kikoa kilichofaulu SPF au DKIM kilingane na kile anachokiona msomaji. Anza na p=none pamoja na rua, anwani ya kupokelea ripoti. Zisome kwa wiki kadhaa, ujue nani anatuma kwa jina lako, maana kuna mfumo wa matokeo au wa bili uliousahau. Kisha nenda p=quarantine, hatimaye p=reject. Wengi huishia kwenye none na kudhani wamejilinda. None haizuii chochote.

Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanawadai watumaji wakubwa vyote vitatu. Kwa Gmail mkubwa ni anayefikisha takriban barua 5,000 kwa siku. Mdogo naye anatakiwa kuwa na SPF au DKIM.

Yote haya hayamzuii tapeli anayesajili kikoa kinachofanana na chako, wala aliyepata nywila ya mhasibu. Huyo wa pili anatuma kutoka seva yako halali, na saini anapata. Kwake dawa ni nywila ndefu, uthibitisho wa hatua mbili pale unapopatikana, na kupitia ukurasa wa "Forwarders" kuona kama kuna barua zinazoelekezwa mahali usipopajua.

Ukimaliza, jitumie barua kwenye Gmail, uifungue kwenye kompyuta, bonyeza vidoti vitatu, chagua "Show original". Juu kabisa unatakiwa kuona PASS tatu.