RAM ni 8GB, mbona kompyuta yatumia 3 tu?

Kompyuta zilizotumika Ulaya hushukia bandari yetu ya Mombasa, zikapanda lori hadi saiba za bara, hata Kachibora kule Trans Nzoia. Bei yake nafuu, ila zina maudhi yake. Mwenye saiba huongeza RAM ifike 8GB, akiwasha aambiwa inayotumika ni GB 3 na ushei. Fundi mwenye tamaa atasema RAM imeungua, nunua nyingine. Usitoe pesa bado.

Tazama kwanza aina ya Windows. Ile ya biti 32 haivuki 4GB hata uipachikie nini. Yahitaji kubadilishwa iwe ya biti 64, na kabla ya hapo nakili faili zako zote, kwani kazi hiyo huzifuta.

Ikiwa ni ya 64 tayari, ingia BIOS, mipangilio ya mashine yenyewe kabla Windows haijaamka. Washa huku ukibonyeza F2, F10 au Delete, kutegemea mashine. Ikionyesha 8GB zote, RAM yako nzima. Tafuta palipoandikwa "Memory Remap", uwashe. Kadi ya picha na vifaa vingine hushika nafasi chini ya 4GB, na RAM iliyofunikwa hapo huhamishiwa juu. Mashine mpya hufanya hivyo zenyewe.

BIOS nayo ikionyesha pungufu, zima, chomoa umeme, toa RAM, sugua meno yake taratibu kwa kifutio cha penseli, uirudishe mpaka ilie "ka!" pande zote mbili.