Jahazi Liwe Nyumba?

Kijana mmoja wa hapa Weti alinijia kutaka shauri. Ataka kuuza mikarafuu aliyorithi, anunue jahazi kuukuu, akae humo daima na mkewe na mtoto. "Sitalipa tena kodi ya nyumba," akasema.

Huko Uingereza wako watu wakaao mashuani, lakini mashua zao zimo katika mifereji yenye maji matulivu. Kwetu kuna kusi na kaskazi. Tena jahazi la mbao lataka kupandishwa pwani, kutiwa kalafati ya pamba na kupakwa deheni, la sivyo wadudu wa baharini hutoboa mbao. Na maji ya kunywa hutoka nchi kavu.

Tuwatazame wavuvi wa Kojani, wazoefu wa bahari. Huenda dago mbali, wiki nyingi. Lakini hujenga vibanda vya makuti pwani, na nyumba zao zawangoja Kojani.

Bwana wetu alifundisha kwamba ajengaye huketi kwanza ahesabu gharama (Luka 14:28). Nikamwuliza, "Mdogo wangu, mkeo asemaje?"

Akainama. Hakuwa amemwuliza. Akarudi nyumbani wakahesabu pamoja.