Umenunua mashua? Tenga fungu la matunzo kabla ya kugawana

MFANYABIASHARA wa nazi au samaki anayelipa nauli ya mizigo kila safari, mwishowe hutamani chombo chake mwenyewe. Mashua ya tanga haihitaji petroli, na upepo haulipiwi. Lakini wengi wanaonunua kwa mara ya kwanza humaliza fedha zote kwenye bei, wasibakize kitu cha matunzo. Baada ya misimu michache chombo kimelala ufukweni, na mkopo bado haujaisha.

Kagua kabla ya kulipa

Nenda na fundi wa mashua, si dalali peke yake. Chomeni kisu kwenye mkuku, kwenye mataruma na kuzunguka misumari. Kisu kikizama kwa urahisi, mbao imeoza. Madoa ya kutu yanayochuruzika ni dalili ya misumari iliyokwisha. Ikibadilishwa, iwekwe iliyopakwa zinki. Kisha chombo kilale majini, muone asubuhi ngama ina maji kiasi gani. Kilichokaa nchi kavu muda mrefu huvuja mwanzoni hadi mbao zivimbe, hivyo kipe siku mbili tatu kabla ya kukata shauri.

Chini ndiko kwenye hasara

Adui mkubwa ni wadudu wa baharini wanaotoboa mbao kwa ndani huku nje ikionekana nzima. Ndiyo maana mafundi wa pwani hupaka sehemu inayozama shahamu iliyochanganywa na chokaa, na sehemu ya juu hupaka sifa, yaani mafuta ya papa.

Bamvua huja mara 2 kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Pweleza chombo maji yakijaa. Yakitoka una saa chache za kukwangua magamba na mwani, kuangalia kalafati, kuziba palipotoka pamba na kupaka upya.

Mvua ikinyesha, fua maji yote mara moja, kwani maji ya mvua huozesha mbao kuliko ya chumvi. Chombo kikikaa pwani wakati wa jua kali, kifunike kwa makuti na kukimwagia maji ya bahari, mbao zisikauke na kuachana.

Tanga na kamba

Tanga la pamba likikunjwa likiwa bichi huota ukungu, lianike kwanza. La plastiki haliozi, ila jua hulila, kwa hiyo lifunike chombo kikiwa kimetia nanga. Angalia henza na demani kila safari, hasa henza inapopita kwenye gofia. Kamba ya katani ni ya bei nafuu lakini huoza haraka ikilowa kila siku.

Vifaa vya lazima

Usiondoke bila nanga 2, kasia, upo au ndoo ya kufulia maji, dira, tochi, sindano na uzi wa tanga, pamba na misumari ya akiba, na jaketi la kujiokolea kwa kila aliyemo. Kamba ya nanga iwe angalau mara 5 ya kina cha maji: penye mita 4, mita 20.

Kwa Tanzania, chombo kinapaswa kukaguliwa na kuwa na leseni. Ulizia TASAC au ofisi ya uvuvi ya halmashauri yako. Sikiliza pia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, hasa kusi inapokaza kati ya Juni na Agosti. Tahadhari ya upepo mkali ikitolewa, mzigo usubiri.

Fungu la chombo

Pwani ni desturi chombo kupata fungu lake mapato yanapogawanywa. Mmiliki mpya huliona fungu hilo kuwa faida yake na kulila. Sehemu yake ni ya shahamu, pamba, kamba na ujira wa fundi. Itenge kila safari, iandike kwenye daftari, na usiiguse hata mwezi ukiwa mgumu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa mashua ukuta huo ni mbao mpya za chini nzima.