Nilimdanganya mchumba, Mto Nile ukaniumbua

Za mwizi arobaini. Zangu zilitimia Jumamosi moja saa tano asubuhi, katikati ya Mto Nile pale Jinja, Uganda, nikiwa nimeng'ang'ania kasia la mtu huku maji yakinitoka puani.

Ngoja nianze mwanzo, msije mkasema narukaruka kama panzi.

Mimi ni mtoto wa Magomeni. Dar tuna bahari, lakini wengi wetu tunaijua kwa mihogo ya Coco Beach na kulowanisha miguu hadi magotini, basi. Mchumba wangu ni mtoto wa Mwanza. Kakulia kando ya ziwa, majini ni kama sato. Siku zile za kumfukuzia aliniuliza kama najua kuogelea. Nami, kwa kuogopa kuonekana mshamba, nikajibu kwa mbwembwe: "Mimi tena? Samaki huyo!"

Uongo ukapita. Ukakaa miaka miwili bila kumsumbua mtu.

Sasa tukaalikwa harusi Kampala. Harusi ikaisha salama, tukabakiwa na siku mbili za kula raha. Mwenzangu akasema Jinja si mbali, ni kama kilomita 80 tu, twende tukacheze rafti. Nikauliza rafti ndiyo mdudu gani. Akanieleza: mnapanda watu sita au saba kwenye boti la mpira lililojazwa upepo, kila mmoja na kasia lake, mnashuka na mto pale unapochachamaa. "Tena wanachukua hata wasiowahi," akasema. "Na wewe si samaki?"

Ningesema nini, jamani?

FOMU HAINA AIBU, MTU NDIYE ANAYO

Asubuhi tukapewa fomu. Jina, mtu wa kuarifiwa likitokea la kutokea (hapo tu tumbo likaanza kunguruma), maradhi uliyonayo, halafu swali lenyewe: Unajua kuogelea? Nikatupa jicho pembeni. Mchumba alikuwa anachungulia fomu yangu. Nikaandika Ndiyo, tena kwa herufi kubwa.

Tukavishwa helmeti na jaketi la kuokolea. Kiongozi wetu, kijana wa Kisoga mwenye mabega ya kubeba gunia, alipita akikaza mikanda ya kila mmoja hadi nikahisi mbavu zinasalimiana. Akasema jaketi likilegea, mtu huzama na jaketi hubaki juu. Pete, mikufu na saa tukaviacha. Wenye miwani wakaifunga kwa kamba.

Kisha darasa. Maji ya kasi hupangwa kwa madaraja kuanzia la 1 hadi la 6. La 1 ni maji yanayotembea tu. La 2 na la 3 yana mawimbi ya kukurusha kidogo, na ndiyo ya wanaoanza. La 4 na la 5 yana nguvu za kupindua boti. La 6 mtu mwenye akili hupita nchi kavu, kama wanavyofanya penye ukali wa maporomoko ya Itanda. Nile ya Jinja ina makubwa yote hayo, lakini mto umegawanyika na kuzunguka visiwa vingi, kwa hiyo kiongozi anaweza kuchagua mkono mpole. Halafu maji yake ni ya uvuguvugu, yana kina kirefu, na mara nyingi baada ya msukosuko huja sehemu tulivu ya kuvuta pumzi. Ndiyo maana wanafunzi hupelekwa huko.

Tukafundishwa amri: mbele, nyuma, shikilia, chini. Tukafundishwa kushika kichwa cha kasia muda wote, maana kikikutoka mkononi kinang'oa meno ya jirani. Na ukianguka: lala chali, miguu juu na ielekee unakokwenda, usijaribu kusimama. Mguu ukinasa kwenye jiwe, maji yatakulaza kifudifudi. Ukijikuta chini ya boti, weka mikono juu yake ukitambaa upande mmoja hadi utokee.

Mwisho akauliza, "Nani hajui kuogelea?"

Mzee mmoja, mfanyabiashara wa Kampala mwenye kitambi cha heshima, akanyoosha mkono bila wasiwasi. Akawekwa nyuma, karibu na kiongozi. Vijana wawili wa uokoaji, waliokuwa kwenye vile vimtumbwi vidogo vya mtu mmoja vinavyoitwa kayaki, wakaonyeshwa: yule ndiye wa kumtazama kwanza.

Mimi nikatazama ndege.

MBWEMBWE ZIKAISHA

Wimbi la kwanza likatulowesha, tukapiga kelele za furaha. La pili likatuinua kama tuko kwenye daladala lililoruka tuta. Nikaanza kujiona bingwa, hata nikamkonyeza mwenzangu. Kumbe!

La tatu likatupiga ubavuni. Nikasikia "Shikilia!" lakini mikono ilikuwa bado kwenye kasia. Boti ikainama, mzee wa Kampala akaporomoka kule, mimi huku.

Wapenzi, chini ya maji hakuna kulia wala kushoto. Kuna kelele kubwa na weupe mtupu. Sikukumbuka chali wala miguu juu. Nilipiga teke, nikapiga ngumi, nikanywa Nile ya kutosha familia. Jaketi likanitoa juu lenyewe. Nikavuta pumzi moja, wimbi likanizaba kofi, nikarudi ndani.

Nilipoibuka tena nikaona kayaki zote mbili zinakimbilia kwa mzee. Na walikuwa sahihi kabisa. Si yeye ndiye aliyesema hajui? Mmoja akanigeukia mimi, akanyoosha mkono kuonyesha boti na kupiga kelele, "Ogelea! Ogelea!" Mimi niliyeandika Ndiyo kwa herufi kubwa.

Nikapiga mikono kama mbwa. Sikusogea. Maji yakawa yananipeleka mbali na boti.

Aliyegundua alikuwa mchumba wangu. Anayejua maji humjua asiyeyajua. Nikamsikia akipiga yowe, "Huyu hawezi! Hawezi!" Kiongozi akageuza boti, naye akajinyoosha juu ya maji na kunipa kichwa cha kasia. Nikakidaka. Nikashikwa mabega ya jaketi, nikavutwa ndani kama gunia la dagaa.

Huenda yote hayo hayakufika dakika moja. Kwangu ilikuwa wiki nzima.

MASWALI KWENYE MAJI TULIVU

Tulipofika penye utulivu kiongozi akanitazama. Hakufoka. "Ssebo, unajua kuogelea au hujui?"

"Sijui," nikasema. Sauti yenyewe ya kuku aliyenyeshewa.

"Basi sikiliza. Kutojua si tatizo, jaketi litakubeba. Tatizo ni mimi kutojua kwamba hujui. Nimewatuma watu wangu upande mmoja kwa sababu ya kalamu yako."

Maneno hayo yaliniuma kuliko maji ya puani. Kama mzee yule angeumia na mimi nikapotea, yule kijana ndiye angebeba lawama ya uongo wangu.

Mzee wa Kampala alikuwa amekaa kando anakausha uso, anacheka. Kwake mambo yalikwenda vizuri: kayaki ilimfikia mara moja, akashika pua yake, akasubiri boti. Mkono mmoja alionyoosha asubuhi ulimtosha.

Mwenzangu hakucheka. Akanyamaza kitambo, kisha akasema taratibu, "La kuogelea si kosa. Ningekufundisha mwenyewe, bure. Lakini miaka miwili? Kuna kingine gani ulichoniambia ambacho ni samaki?"

Sikuwa na jibu. Nikasema samahani mbele za watu, maana uongo nao niliuandika mbele za watu.

Kiongozi, naona kwa huruma, akabadili mada. Akatueleza mto. Mzungu Speke alifika hapa Jinja mwaka 1862 na kuona maji yakitoka Ziwa Victoria kwenye maporomoko aliyoyaita Ripon. Leo huyaoni: bwawa la Owen Falls lililokamilika mwaka 1954 liliyafunika. Bwawa la Bujagali likamalizwa mwaka 2012, maporomoko ya Bujagali nayo yakazama. Mwaka 2019 likazinduliwa la Isimba, maji ya kasi mengine yakalala chini. Umeme watu wanautaka, akasema, yeye mwenyewe nyumbani anawasha taa. Lakini kila bwawa likijengwa, mto wa wenye kazi kama yake unakuwa mfupi.

Kisha akaniambia nishuke majini. Nikadhani ni adhabu. Akanishikilia kamba, nikalala chali, miguu juu, mikono imetanda. Jaketi likanibeba kweli. Maji yaleyale yaliyonipiga makofi yakawa godoro. Mwenzangu akajitosa, akalala kando yangu. Akasema haya ni maji ya kwao, yametoka ziwani na yanakwenda Misri. Hapo nikajua kwamba nimesamehewa nusu.

Wimbi lililofuata nilikaa nyuma, pembeni ya mzee, wasioogelea wawili. Nikasikiliza amri, nikashika kamba, sikuanguka. Na nikwambie ukweli, lilikuwa tamu kuliko yote ya mwanzo.

UKITAKA KWENDA

Msomaji, mchezo ni bomba na wewe unaweza. Omba safari ya wanaoanza, ya daraja la 2 na la 3. Uliza kama kuna kayaki za uokoaji na mafunzo kabla ya kushuka. Wakikwepa swali, ondoka. Usinywe pombe kabla. Vaa nguo nyepesi na viatu visivyovuka. Kama una mimba, moyo mbovu au kifafa, muone daktari kwanza. Na usipuuze kichocho: kiko kwenye ziwa na mto huu, huingia kupitia ngozi. Wiki kadhaa baada ya kurudi nenda kapimwe, dawa ipo.

Zaidi ya yote, swali la kuogelea lijibu kama unajibu mbele ya kaburi.

Mimi sasa kila Jumapili asubuhi naenda kujifunza kuogelea pamoja na watoto wa darasa la pili. Wananicheka. Mwalimu wangu anakaa pembezoni mwa bwawa, pete ya uchumba bado kidoleni, ananihesabia mapigo. Nusu ile ya pili ya msamaha, kasema, nitaipata siku nitakapovuka bila kushika ukingo.